Hii Damu Mutaiweka Wapi?

Mzee mmoja kutoka Kivu ya Kusini, aliyekuja Marekani kama mkimbizi, aliniuliza swali nikashindwa kulijibu. Nilikuwa nimemaliza kumsomea fomu ya ridhaa ya utafiti wa dawa ya kisukari, kurasa kumi na nne za Kiswahili. Mkono ulikuwa tayari mezani, shati limekunjwa hadi juu ya kiwiko. Akaitazama mirija mitatu yenye vifuniko vya zambarau, akasema, "Hii damu mutaiweka wapi, mama?"

"Maabara, baba."

Akateremsha mkono wa shati, akafunga kifungo polepole. "Maabara ni kubwa," akasema, akanyanyuka.

Jioni niliirudia fomu. Ukurasa wa tisa ulisema damu itakayobaki itahifadhiwa miaka kumi na mitano na inaweza kutumika katika tafiti nyingine. Sentensi hiyo nilikuwa nikiwasomea watu kila wiki. Na kwenye kompyuta, mahali pa kueleza kwa nini mzee hakujiunga, nilikuwa nimeshachagua "hana imani na utafiti." Mtu kaniuliza swali la maana, mimi nikaliandika kama kasoro yake.

Swali hilo nchi hii ina deni nalo. Wahavasupai, kabila dogo la wenyeji wanaoishi ndani ya Grand Canyon huko Arizona, walianza kutoa damu mwaka 1990 kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State, wakijua inatafutwa sababu ya kisukari kilichokuwa kikiwaandama. Baadaye wakagundua kwamba damu ileile ilichunguzwa kwa habari za skizofrenia, ugonjwa wa akili, za kuzaliana ndugu kwa ndugu, na za wapi mababu zao walihamia kutoka, ilhali wao wanaamini asili yao ni pale pale korongoni. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa watu 41 dola 700,000 na kuwarudishia damu yao.

Lakini kisa kinachoninyima usingizi ni cha Tuskegee, Alabama, na sababu ni muuguzi wake. Kuanzia 1932 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi 600, wakiwemo 399 wenye kaswende, ikiwaambia wanatibiwa "damu mbaya." Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida miaka ya 1940, wao hawakupewa. Mambo yaliendelea hivyo hadi magazeti yalipoyafichua 1972. Eunice Rivers, muuguzi Mweusi, aliwafuata majumbani, akawapakia kwenye gari kuwapeleka kwa madaktari, akawafariji wafiwa na kuwaomba wakubali maiti ipasuliwe ili walipiwe mazishi. Wanaume wale walimpenda na walimwamini. Imani ilikuwepo tele, na ndiyo iliyowaweka ndani ya utafiti ule miaka yote hiyo.

Ndiyo maana nasita ninaposikia kwenye vikao kwamba dawa ya watu kama mzee yule kukataa utafiti ni kutafuta mtu wa rangi yao na lugha yao awaendee. Mtu huyo ni mimi. Nimekulia Tanga, nikitishiwa mumiani kila nilipochelewa kurudi nyumbani. Najua hofu ya kunyonywa damu inavyolala mwilini. Kiswahili changu kinafungua milango, basi lazima nijue ninachokipitisha mlangoni.

Mfano ninaoushika ni wa Los Angeles. Daktari Ronald Victor na wenzake walipeleka utafiti wa presha kwenye saluni 52 za vinyozi, kwa wanaume Weusi 319. Katika karibu nusu ya saluni, kinyozi aliwahimiza wateja waende kwa daktari. Katika zilizobaki, mfamasia alikuja hapo hapo saluni, akapima, akaandika dawa kwa makubaliano na daktari wa mteja, akarudi tena kufuatilia. Baada ya miezi sita namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 27 kwa hawa, na 9 kwa wale wa kwanza. Matokeo yalichapishwa 2018. Mtu alikaa kwenye kiti alichokizoea miaka mingi, na alichopewa kilimfaa yeye mwenyewe.

Nilimwomba msimamizi wetu anionyeshe friza. Nikaliona droo, namba zilizochukua nafasi ya majina, na daftari la wanaoingia. Nikaomba pia fomu iwekewe kisanduku cha pekee cha kuhifadhi damu, ili mtu aweze kukikataa na bado apate kushiriki. Ilichukua miezi minne.

Ndipo nikamwendea mzee nyumbani kwake. Nikamwambia, "Baba, siku ile nilikujibu bila kujua." Nikamweleza friza iko chumba gani, nani ana ufunguo, na damu yake inaweza kukaa humo miaka mingapi. Aliniuliza maswali kwa karibu saa nzima, mkewe naye akaongeza yake. Akasaini kushiriki. Kwenye kisanduku cha kuhifadhi damu akaweka alama ya hapana.

Vipimo vyake vilipokamilika nilisimama maabara hadi mirija ile mitatu ilipotupwa, kisha nikampigia simu kumpa tarehe.