Je, wajua kwa nini mweupe hutoa farasi bure kwenye Ini la Kukaanga, shambulizi maarufu la chesi (Fried Liver)?

Ukicheza chesi na mwanafunzi wa Mbeya au Iringa aliyejifunzia kwenye simu, kaa chonjo na farasi atakayetua mraba wa g5 (safu ya g, mstari wa 5) hatua ya nne. Mtego huu ni mkongwe: mchezaji Giulio Polerio wa Italia aliucheza Roma zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Mchezo huanza kwa adabu. Mweupe askari e4, mweusi e5. Farasi f3, c6. Askofu c4, na mweusi anatoa farasi wa pili f6. Mweupe anaruka g5. Sasa farasi na askofu wote wanaikodolea macho f7, mraba ambao mwanzoni unalindwa na mfalme peke yake.

Mweusi anaziba njia ya askofu kwa askari d5, askari analiwa, naye analipiza kwa farasi wa f6. Askari kwa askari, haki kabisa. Kumbe ndipo anapoumia! Farasi mweupe anakula f7, anatishia malkia na ngome kwa mpigo, hivyo mfalme anamla. Malkia anakuja f3: cheki, yaani mfalme anatishiwa.

Mfalme akirudi e8, askofu anakula d5 na kutishia mati (mfalme akose pa kukimbilia) pale f7. Akikimbilia g8, askofu anakula d5 kwa cheki. Malkia mweusi akimla, naye analiwa na malkia, na askofu mweusi akikinga e6 analiwa pia, mati. Inabaki mfalme aende e6, amlinde farasi wake. Ni kama kumtoa mtu nje kwenye baridi ya Makete mwezi wa saba bila koti.

Mweupe asikurupuke hapa. Atoe farasi c3, ili d5 ipigwe na kete tatu, na farasi wa hapo hawezi kuondoka kwa kuwa nyuma yake yupo mfalme. Mweusi akijibu kwa farasi b4, c2 iko hatarini: mfalme na ngome watapigwa pamoja. Mfalme ahamie g1 na ngome f1 kwa hatua moja, kisha askari d4 afungue katikati. Ushindi haujahakikishwa, lakini kujitetea huko ni kazi ngumu mno.

Dawa? Badala ya kula d5, farasi wa c6 aende a5 amfukuze askofu. Mweusi atapungukiwa askari mmoja, ila askari watakaosogea h6 na e4 watamkimbiza farasi mweupe huku kete zake zikitoka.

Asiyetaka kukariri haya atoe askofu c5 hatua ya tatu. Farasi wa f6 ndiye anayemziba malkia mweusi asiione g5. Asipokuwepo, farasi mweupe akitua hapo analiwa bure.