Uonjaji wa Kificho wa Biri: Maana Yake na Unavyofanyika

Uonjaji wa kificho ni kuvuta na kutathmini biri bila kujua jina lake, nchi ilikosokotwa wala bei yake, na kuandika ulichokipata kabla ya kuambiwa ni ipi. Biri inayozungumzwa hapa ni ile ya majani matupu ya tumbaku, si sigara ya karatasi. Mwenzako anayezipenda kama wewe huchagua chache kutoka akiba yake, huondoa lebo, huipa kila moja namba, kisha hukuletea au hukutumia. Unavuta, unaandika, unampa maelezo yako. Jina hutajwa mwisho kabisa.

Wengi wakisikia hivyo hudhani ni mchezo wa kubahatisha, na kwamba anayepatia jina ndiye fundi. Kubahatisha kupo, tena kunanogesha, lakini si kiini cha jambo. Kiini ni kwamba maneno ya mwonjaji yatokane na kilichopita kinywani na puani mwake, yasitokane na karatasi ya dhahabu iliyozungushiwa biri.

Karatasi hiyo ina nguvu kuliko tunavyopenda kukiri. Chukua Kuba. Tumbaku ya Vuelta Abajo, katika mkoa wa Pinar del Río, imesifiwa kwa vizazi, na Marekani ilipoweka vikwazo vya biashara dhidi ya Kuba mwaka 1962, biri za huko zikawa pia kitu cha marufuku katika soko kubwa mno. Marufuku huongeza hamu. Mtu akiambiwa kwamba iliyo mkononi mwake imetoka Kuba, anakuwa ameshaanza kuipenda kabla hajaiwasha. Wakati huohuo, Wakuba walioihama nchi yao walikwenda na ujuzi wao Nicaragua, Honduras na Jamhuri ya Dominika, na leo mji wa Estelí nchini Nicaragua ni miongoni mwa vituo vikuu vya biri duniani. Anayetaka kujua kwa haki kama Kuba bado inaongoza, njia ni moja tu: afichiwe.

Kazi ngumu zaidi iko kwa mtumaji, ingawa sifa huenda kwa mwonjaji. Kwanza anatakiwa atoe angalau mbili za kila aina. Biri husokotwa kwa mkono, na hata msokotaji mzuri huteleza, hivyo moja ikiwa imekazwa mno na hewa haipiti, isihukumiwe aina nzima kwa kosa la kipande kimoja. Kisha ni kuondoa lebo. Gundi yake inapaswa kushika karatasi kwa karatasi, lakini mara nyingine tone huvuka na kugusa jani. Usiivute lebo kuelekea kichwani, yaani upande wa mdomoni, kama unavyovua pete, kwa sababu jani la nje ni jembamba na likinaswa litachanika. Tafuta pale ncha mbili za karatasi zilipokutana, ingiza ukucha chini ya ncha ya juu, uinue taratibu. Ikigoma, iache palepale na uizungushie ukanda wa karatasi nyeupe, usitumie nguvu. Juu ya ukanda andika namba. Namba hiyohiyo iandike kwenye daftari lako pamoja na jina, urefu, unene na muda ambao biri imekaa kwako. Jarida la Cigar Aficionado, lililoanzishwa Marekani mwaka 1992, hufuata utaratibu wa namna hii: waonjaji wake hupewa biri zilizovuliwa lebo na kuvalishwa ukanda mweupe wenye alama.

Kila biri iwekwe kwenye mfuko wake mdogo wa plastiki, maana tumbaku hunyonya harufu za jirani. Mfuko mkubwa unaozibeba zote utiwe pakiti ya kutunza unyevu. Unyevu unaofaa ni kati ya asilimia 65 na 70. Iliyolowa huzimazima na kuwaka upande mmoja, na iliyokauka huwaka kwa kasi na kuchoma ulimi. Kwa hiyo anayezipokea azipumzishe wiki moja au mbili kwenye sanduku lake la unyevu kabla ya kuanza. Anayewasha siku ileile aliyopokea anaandika habari za safari, si za tumbaku.

Siku ya kuonja ikifika, macho na vidole hutangulia. Iminye biri kidogo kutoka kichwani hadi mguuni, yaani upande wa kuwashia, utafute sehemu laini ambako majani ni machache. Nusa mguu, kwa sababu hapo ndipo majani ya ndani yanapoonekana na harufu yao ni wazi kuliko ya jani la nje. Kata kofia ya kichwa, yaani kipande cha jani kinachoziba ncha ya mdomoni, kiasi cha milimita 2 tu. Ukishuka chini ya pale biri inapoanza kupanuka, jani la nje hupoteza kinachoifunga na kuanza kufumuka mdomoni. Kabla ya kuwasha, vuta hewa baridi mara kadhaa. Hapo utajua kama njia iko wazi, na mara nyingi utapata dokezo la kwanza la ladha, kama nyasi kavu, zabibu kavu au pilipili manga kwenye midomo.

Washa kwa kiberiti cha gesi au njiti ndefu. Mshumaa na kiberiti cha petroli huacha harufu yao kwenye jani, na ukivitumia, robo ya kwanza ya maelezo yako itakuwa ya nta au mafuta. Babua mguu bila kuvuta mpaka ukingo wote uwe mwekundu, ndipo uanze. Mvuto mmoja kwa dakika, au karibu na hapo, unatosha. Ukiharakisha, moto unapanda na uchungu unaoupata ni wako mwenyewe, hautoki kwa msokotaji. Kosa hili ndilo linaloharibu tathmini nyingi, na mwonjaji mwaminifu huandika muda aliotumia ili msomaji aweze kupima. Robusto, saizi mojawapo ya biri, ambayo huwa na urefu wa inchi 5 na unene wa 50, yaani sehemu 50 za inchi iliyogawanywa mara 64, huhitaji kama dakika 45 hadi saa nzima.

Moshi hukaa kinywani, haushuki mapafuni. Hapo kuna jambo ambalo anayeanza huchelewa kuelezwa. Ulimi unatambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule ukolevu wa mchuzi wa nyama, basi. Kahawa, ngozi, kakao, mwerezi na udongo uliolowa mvua ni harufu, na hufika puani kwa kupitia nyuma ya koo. Ndiyo maana waonjaji hutoa sehemu ndogo ya moshi kupitia puani. Fanya hivyo mara chache tu katika biri nzima, kwa moshi uliobaki baada ya kupuliza mwingi nje, la sivyo utatokwa machozi na hutanusa chochote kwa muda. Mwenye mafua aahirishe. Hana kifaa cha kazi.

Maelezo huandikwa kwa theluthi, na sababu yake ni ya kimwili kabisa. Moshi wa mwanzo hupita katika majani yote yaliyobaki, ambayo huupoza na kukamata sehemu ya lami na mafuta. Kadiri biri inavyofupika, njia inakuwa fupi, moto unakaribia, na yale yaliyokamatwa yanaanza kuungua nayo. Theluthi ya mwisho karibu siku zote ni kali kuliko ya kwanza. Cha kutazama ni kama inakuwa kali huku ladha ikiongezeka, au inakuwa kali tu.

Ukali wenyewe unahitaji kutenganishwa na ukolevu wa ladha, na hapa nina msimamo: tathmini isiyotofautisha viwili hivyo haimsaidii msomaji. Ukali ni nikotini, na unausikia tumboni na kichwani. Ukolevu ni wingi na uzito wa ladha kinywani. Zipo biri zilizojaa ladha ambazo hazimchoshi mtu, na zipo zisizo na la kusema ambazo zinamtoa jasho. Nikotini nyingi hutoka katika majani ya juu ya mmea, yaitwayo ligero, ambayo hupigwa na jua zaidi. Majani ya katikati ni seco, ya chini ni volado, ambayo kazi yake kubwa ni kusaidia mwako. Msokotaji hucheza na uwiano wa majani hayo ndani ya biri, na kwa nje huoni dalili yake.

Lakini jicho hudhani linaona. Biri yenye jani jeusi la maduro huchukuliwa kuwa kali kabla haijawashwa, ilhali weusi ule hutokana hasa na jani kuchachushwa kwa muda mrefu na kwa joto zaidi, na mara nyingi matokeo yake ni utamu. Kuficha jina hakufichi rangi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Waliokuwa wanasomea fani hiyo! Kwa biri, dawa ninayoiamini ni kuandika matarajio kwanza: "Ni nyeusi, ina mafuta, nadhani itakuwa kali." Ukishayaweka kwenye karatasi, unaweza kuyalinganisha na kilichotokea, na msomaji pia anaona ulikoanzia.

Kuhusu maneno, tumia harufu unazozijua. Kama hujawahi kunusa ubao wa mwerezi, usiandike mwerezi kwa sababu kila mtu anauandika. "Kama sanduku la zamani la nguo" ni maelezo halali na mwenzako atakuelewa. Dosari za ufundi hazihitaji maneno mengi: mwako wa upande mmoja, shimo katikati ya kaa, jani lililopasuka, taja na uendelee. Rangi ya jivu isikushughulishe sana, kwa kuwa inategemea zaidi madini yaliyo kwenye jani kuliko ubora wa biri.

Moja kwa kikao inatosha. Biri ya pili huonjwa na ulimi uliochoka, na mwili nao una haki yake. Kutovuta moshi mapafuni hakuifanyi biri kuwa salama. Nikotini hufyonzwa kupitia ngozi ya ndani ya kinywa, na uvutaji wa biri unahusishwa na saratani za kinywa, koo, zoloto na umio. Biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku inayokaribia ya pakiti nzima ya sigara. Uonjaji huu ni wa watu wazima ambao tayari wanavuta na wanayajua hayo. Si mwaliko kwa asiyevuta, na ukisikia kizunguzungu, jasho la baridi au kichefuchefu, izime, uandike ulipofikia.

Alama ndizo zinazoleta ubishi. Wengi hutumia kipimo cha 100 kilichozoeleka kupitia majarida ya aina ya lile nililolitaja, na kuanzia 90 kwenda juu ndipo wavutaji wanapoanza kuitafuta biri. Tatizo ni kwamba mwonjaji huyohuyo, kwa biri ileile, leo atatoa 91 na wiki ijayo 87. Mtafiti Robert Hodgson alilipima jambo hili kwa waamuzi wa mvinyo katika maonyesho ya jimbo la California, akiwapa mvinyo uleule mara tatu bila wao kujua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba ni kama mwamuzi mmoja tu kati ya kumi aliyebaki ndani ya daraja moja la medali. Mtumaji makini anaweza kuazima mbinu hiyo: biri moja iingie mara mbili chini ya namba mbili tofauti. Mwonjaji akizieleza kwa maneno yanayokaribiana, maelezo yake mengine yote yanapata uzito. Akiisifu namba 2 na kuiponda namba 5, nazo ni ndugu wa sanduku moja, basi tunajua tuyasome maelezo yake kwa tahadhari kiasi gani. Mimi ningeondoa alama na kuacha swali moja: ungependa kuivuta tena hii?

Kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Biri iliyotolewa na mwenzako ni zawadi, na kuiponda zawadi mbele ya aliyeitoa ni kazi nzito. Adabu hukufanya useme "si mbaya" pale ulipotaka kusema ilikuwa na ladha ya majivu tangu katikati. Namba inawalinda nyote wawili. Unamwambia kuhusu namba 3, humwambii kuhusu ile anayoipenda kuliko zote na aliyoitunza miaka. Na yeye, kwa kukubali kuficha, ameomba kuambiwa ukweli.

Baada ya kukabidhi maelezo, yasiguswe. Kishawishi cha kuongeza sentensi mbili pale jina linapotajwa ni kikubwa, hasa likiwa jina kubwa. Kama watu wawili au watatu wamepewa namba zilezile, kila mmoja akabidhi kabla ya kusoma ya mwenzake, kisha karatasi ziwekwe pamoja. Pale wote walipoandika jambo moja bila kushauriana, kwa mfano utamu unaoingia mwanzoni mwa theluthi ya pili, hapo mna habari ya biri yenyewe. Pale walipotofautiana, mtazame kwanza unyevu wa masanduku yao na muda waliotumia kuvuta kabla ya kuanza kubishana kuhusu ndimi zao.