Je, Wajua? Mfuko wa Kulalia Ukichafuka Hupoteza Joto

Kambi ya Barafu, ambako wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame hulala kabla ya kuelekea kileleni, iko zaidi ya mita 4,600 kutoka usawa wa bahari. Usiku kule maji ya chupa huweza kuganda. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba mfuko wa kulalia aliokodi Moshi mjini haumfai. Lebo inasema unahimili baridi kali, zipu ni nzima, kitambaa hakina hata tundu, na bado meno yanagongana. Mara nyingi tatizo ni jasho la waliolala humo kabla yake.

Mfuko wenyewe hauna joto. Joto ni lako, mfuko unakuzuilia tu lisitoroke, na kinachozuia hasa ni hewa iliyotulia. Mifuko mizuri ya mlimani hujazwa manyoya ya bata au bata bukini, yale mororo ya kifuani. Usifikirie unyoya wa kuku, ule wa kuchokolea sikio, wenye uti katikati. Haya hayana uti wa namna hiyo. Kila moja ni kama kitone cha pamba kilichotawanya nyuzi pande zote, na katikati ya nyuzi hizo hewa inanaswa. Yakifutuka vizuri unapata blanketi nene la hewa.

Sasa mtu alale humo siku sita bila kuoga, uso umepakwa losheni ya jua, nywele zina mafuta. Jasho na mafuta hupenya kitambaa, nyuzi zinashikana, vitone vinageuka mabonge. Uinue mfuko wa namna hiyo mbele ya dirisha lenye mwanga: utaona vivuli vya mabonge huku na huku, na kati yake sehemu nyeupe tupu. Pale patupu ni nailoni mbili zilizogusana, basi. Baridi inapita hapo kama haina mpinzani.

Kwa hiyo kuufua ni kuurudishia joto lake. Ila ukikosea unaumaliza kabisa, na mimi ni shahidi. Wangu niliufua kwenye beseni kwa sabuni ya unga, kisha nikaushika ncha moja na kuunyanyua ukiwa umelowa ili niuanike. Nikasikia ta-ta-ta, kama uzi unaokatika. Kumbe ndani mna vikuta vya kitambaa chepesi vinavyogawa vyumba vya manyoya. Uzito wa maji ulivichana, manyoya yakaporomoka yote miguuni. Tangu siku hiyo mfuko wowote uliolowa naubeba kwa mikono miwili chini yake, kama mtoto aliyelala.

Ile sabuni nayo ilikuwa kosa. Unyoya wa bata una mafuta yake ya asili, na sabuni kali huyakomba ukabaki mkavu na wa kuvunjika. Maji ya kulainisha nguo pia yaache, huacha utando. Tafuta sabuni maalumu ya manyoya. Maduka ya vifaa vya kupandia milima huwa nayo. Mashine iwe ya mlango wa mbele, kwa sababu zile zenye nguzo ya kukorogea katikati huuvuta mfuko hadi vikuta vichanike. Funga zipu, weka mzunguko wa taratibu, kisha suuza mara mbili au tatu mpaka povu liishe. Ukifulia kwa mikono, kanda polepole na ukamue kwa kubana. Usisokote.

Kazi kubwa ni kukausha, na hapa wengi hukata tamaa. Kitambaa cha juu hukauka upesi, ndani bado mabonge yamelowa, na baada ya wiki harufu ya uvundo inakukaribisha. Kama ipo mashine ya kukaushia, weka moto mdogo na utie mipira miwili mitatu ya tenisi safi. Inagongagonga mabonge hadi yaachane. Itachukua saa kadhaa, usiharakishe kwa moto mkali kwa sababu nailoni huyeyuka. Asiye na mashine aulaze kivulini penye upepo, augeuze na kuyachambua mabonge kwa vidole kila anapopita. Hesabu siku, si saa. Jua kali la muda mrefu hudhoofisha nailoni. Masika ya Moshi, Machi hadi Mei, mimi sifui kabisa.

Wenye mifuko ya nyuzi za poliesta wana nafuu: hiyo hufulika kwa urahisi na hukauka upesi, ingawa nayo haitaki moto.

Ili usifue mara kwa mara, lala na shuka jepesi ndani ya mfuko. Hilo ndilo litakalokula jasho. Asubuhi kambini ugeuze ndani nje, uutandaze juu ya hema dakika chache utoe unyevu wa usiku. Na ukifika nyumbani uutoe kwenye kile kimfuko cha kuubania, uutundike kabatini ukiwa umelegea. Manyoya yaliyobanwa miezi mingi husahau kufutuka.