Neema na hiari: nani anaanza?

Saa saba mchana, bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi. Mhubiri mwenye kipaza sauti anawaambia waliojipumzisha kwenye nyasi kwamba wokovu ni wa bure. Dakika mbili baadaye: "Uamuzi ni wako. Inua mkono!" Sasa kama ni zawadi, mkono wangu una kazi gani hapo?

Neema tunayoijua mtaani ni baraka tele. Mvua ikikubali, mwaka huo ni wa neema. Kanisani maana imebanwa: ni wema wa Mungu kwa mtu asiyestahili. Waefeso 2:8 inasema "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani". Hiari nayo ni uwezo wa mtu kukubali au kukataa.

Wengi hudhani ubishi ni kama mtu anaamua au haamui. Sivyo. Kwamba anaamua, karibu wote wanakubali. Kinachogombaniwa ni nani katangulia, Mungu au mtu. Pelagio, mwalimu wa Kikristo wa karne ya tano, alifundisha kwamba mtu anaweza kuchagua mema kwa nguvu alizoumbwa nazo. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, akamkatalia: utashi wenyewe ni mgonjwa, hauinuki mpaka neema iuponye. Mwaka 418 mtaguso wa Kartago, yaani mkutano wa maaskofu, ukamwunga mkono Augustino.

Karne nyingi baadaye Waprotestanti wakagawanyika tena. Wafuasi wa mwanamageuzi John Calvin, katika sinodi (mkutano wa kanisa) ya Dort, Uholanzi, ya 1618–1619, walishikilia kwamba Mungu huwateua watu wake, na neema yake hatimaye haishindwi. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alisema neema humtangulia kila mtu na kumrudishia uwezo wa kuitika, lakini anaweza kuikataa. Hapa Nairobi Wapresbiteri wametoka upande wa Calvin na Wamethodisti upande wa Wesley, ingawa ukifika wakati wa sala ya toba, mimi sikio langu halisikii tofauti.

Mstari unaopendwa wakati huo ni Ufunuo 3:20, Yesu akibisha mlangoni. Ni mzuri, ila barua ile iliandikiwa kanisa la Laodikia, yaani watu waliokuwa ndani tayari. Yohana 6:44, kwamba hakuna awezaye kuja asipovutwa na Baba, siusikii sana bustanini. Simlaumu mhubiri: saa nane watu wanarudi kazini, na mikono bado haijainuka.