Mtoto mchanga kwenye uwanja wa mbwa: mambo ya kujua kabla ya kufungua lango

Wafugaji wengi wa mbwa wakishapata mtoto hutuuliza kama wanaweza kuendelea kwenda kwenye uwanja uliozungushiwa uzio, ule ambao mbwa hufunguliwa kamba wakakimbia wapendavyo. Jibu letu madaktari wa mifugo ni hili: ukiwa peke yako, usiingie na mtoto. Mkiwa watu wazima wawili yawezekana, ila kwa masharti.

Hatusemi hivyo kwa kuwa mbwa ni wakali. Uwanja wa aina hii unamtaka mwenye mbwa asibandue macho kwa mbwa wake: anacheza na nani, mchezo umeanza kugeuka ugomvi, amejisaidia wapi, nani anaingia langoni. Mtoto naye anayahitaji macho hayo hayo. Mbwa wa kilo 30 anayefukuzana na mwenzake haangalii aendako. Humpiga mtu mzima kumbo la magotini akaanguka, na mtoto aliyebebwa kifuani huanguka naye. Mbwa mpole kupita kiasi aweza kufanya hivyo, ndiyo maana ile kauli ya "huyu wangu hana neno" hutusaidia kidogo sana.

Kisha kuna mtoto mwenyewe. Kilio chake ni chembamba na huanza ghafla, mikono na miguu hurushwa huku na huku, nguo zinanuka maziwa. Mbwa asiyewahi kuishi na mtoto hajui hicho ni kitu gani. Mmoja atakuja kunusa tu. Mwingine atasisimka kama aliyeona kiumbe mdogo wa kukimbizwa. Mdoli unaotoa sauti ukibanywa nao, kwa mbwa, ni kitu chake cha kuchezea, kwa hiyo uacheni nyumbani pamoja na biskuti. Na mbwa wenu wenyewe huenda akaanza kukilinda kigari cha mtoto, akasimama mbele yake na kukakamaa kila mwenzake anaposogea. Wazazi huona ni mapenzi na hata kupiga picha. Sisi tunaona ugomvi unaokaribia kuzuka pembeni mwa mtoto. Mfungeni kamba, mwondoke.

Kabla ya yote someni kanuni zilizobandikwa langoni, maana viwanja vingine haviruhusu kabisa watoto walio chini ya umri fulani, na vingine hukataza vigari au chakula. Mkiruhusiwa, chagueni saa ambayo mbwa ni wachache. Gawaneni kazi waziwazi: mmoja ni wa mtoto, mwingine ni wa mbwa, na msibadilishane bila kuambiana. Langoni ndipo penye msukosuko mkubwa, kwa sababu mbwa walio ndani hukimbilia kumnusa mgeni. Mwenye mbwa atangulie. Mwenye mtoto asubiri nje hadi kundi litawanyike, kisha aingie na kukaa pembezoni, karibu na njia ya kutokea, wala si katikati wanapokimbilia.

Kigari au kubeba? Kigari humweka mtoto usawa wa mdomo wa mbwa, na mbwa mkubwa aweza kukipindua. Kumbeba mgongoni ni vibaya zaidi, kwani humwoni anayemsogelea. Kifuani, katika mbeleko iliyofungwa vizuri, ndiko tunakopendekeza, kwa sharti kwamba aliyembeba hashiki kamba ya mbwa wala hatupi mpira. Mkitumia kigari, fungeni breki, na kamwe msifunge kamba ya mbwa kwenye mpini wake.

Msimweke mtoto chini, hata juu ya kitambaa. Kinyesi kibichi wengi hukiona wakakiepuka, lakini hatari iliyojificha ni udongo wenyewe. Mayai ya minyoo ya mbwa iitwayo toksokara huchukua kama wiki mbili hadi nne baada ya kutoka na kinyesi ndipo yaweze kuambukiza, na hapo kinyesi chenyewe kimekwisha kuyeyuka. Udongoni huweza kudumu miezi, hata miaka. Mtoto huyameza kwa kunyonya vidole, na viluwiluwi vyake vikifika jichoni vyaweza kuharibu uwezo wa kuona. Mbwa wenu apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari, nanyi mnawe mikono kabla ya kumnyonyesha au kumlisha mtoto.

Mbwa asiyetulia huonyesha dalili kabla hajang'ata: hujilamba pua ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza uso huku weupe wa macho ukionekana. Anayeganda ghafla ndiye wa kuogopwa zaidi. Akikusogelea, simama wima, mgeuzie ubavu, kikinge kichwa cha mtoto kwa kiganja. Usikimbie, usipige kelele, wala usimwinue mtoto juu, kwa maana mbwa huruka kukifuata kinachopanda. Mbwa wakipigana, mwenye mtoto hatii mkono, anatoka.

Watoto wadogo wanapong'atwa, mara nyingi ni usoni, kichwani au shingoni. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama ni mkwaruzo tu. Mate ya mbwa yakiingia jichoni, mdomoni au kwenye mchubuko, nenda pia. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huua, lakini chanjo ikitolewa mapema baada ya kung'atwa hukizuia, na chanjo za kawaida za watoto wachanga kwa kawaida hazina kinga yake. Muulize mwenye mbwa kuhusu chanjo na chukua namba yake ya simu, ila kubishana naye kusikucheleweshe.

Kwa miezi ya mwanzo, binafsi ningeshauri mzazi mmoja aende na mbwa huku mwingine akibaki na mtoto, au atembee naye nje ya uzio. Mbwa atapata mbio zake vilevile, na mtoto hajui kwamba amekosa kitu.