Giza la Karachi, giza la Bridgetown: namna ninavyomsoma Steve Bucknor

Nafundisha waamuzi wa kriketi, na kila kundi jipya likiingia darasani jina la Steve Bucknor halikawii kutajwa. Mara nyingi linatajwa kwa ubaya. Vijana wameona video za Sydney 2008, Australia wakicheza na India, basi kwao Bucknor ni Sydney tu. Wengi hawajui kwamba mtu huyu alisimamia mechi 128 za testi, zile za hadi siku tano, na 181 za siku moja kati ya 1989 na 2009, na fainali tano mfululizo za Kombe la Dunia, kuanzia 1992 hadi 2007. Mimi naona ameshutumiwa vikali kwa kosa ambalo mwamuzi yeyote anaweza kulifanya, huku kosa lake zito kabisa likikumbukwa kama kituko tu.

Alizaliwa Montego Bay, Jamaika, mwaka 1946. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na alikuwa refa wa soka wa FIFA: mwaka 1988 alichezesha mechi ya kufuzu Kombe la Dunia kati ya El Salvador na Antili za Uholanzi. Mwaka uliofuata akasimamia testi yake ya kwanza pale Sabina Park, Kingston, West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, wakicheza na India.

Aliyewahi kumwona uwanjani hawezi kusahau kidole chake. Mrushaji anageuka, anachutama, anapiga ukelele wa kudai wiketi, yaani mpigaji atolewe. Walinzi wote wanarukaruka mikono juu. Bucknor kimya. Anamtazama mpigaji, anatikisa kichwa kidogo kama mtu anayesoma kitu moyoni, sekunde zinapita, mpigaji anaanza kuamini kwamba amepona. Hapo ndipo kidole kinapopanda: ametolewa. Walimpa jina la Kifo cha Polepole.

Watu walidhani ni mbwembwe. Sivyo, na hili nalisisitiza kila mwaka. Mpira wa kasi unamfikia mpigaji kwa takriban nusu sekunde. Ndani ya muda huo mwamuzi ameanza kwa kuangalia mguu wa mrushaji usivuke mstari, kisha anyanyue macho aupate mpira ukiwa njiani, aone ulipodunda, aone ulipogonga, asikie mlio. Mlio wa gongo ni mkavu na mfupi. Wa pedi, kinga ya mguu, ni mzito, kama mtu amepiga mto. Vikigongwa vyote viwili, masikio yanachanganya kipi kimetangulia. Kwa hiyo unapodaiwa wiketi, kichwani una vipande tu. Lazima uvipange upya kabla hujatoa hukumu, na Bucknor alikuwa akivipanga mbele ya maelfu ya watu bila kukubali kuharakishwa. Nimesimama nyuma ya vijiti miaka mingi, na makosa yangu mengi niliyafanya siku ambazo kidole kilikitangulia kichwa.

Sasa tuje kwenye giza.

Desemba 2000, Karachi, siku ya mwisho ya testi ya mwisho. Uingereza walihitaji mikimbio, yaani alama, 176 kushinda mfululizo wa testi, katika uwanja ambao Pakistan hawakuwahi kupoteza testi hata moja. Jua linashuka, na nahodha wa Pakistan, Moin Khan, anapunguza mwendo: mazungumzo marefu na warushaji, walinzi wanapangwa na kupangwa tena. Kisha akamfuata Bucknor, tena na tena, kulalamikia mwanga. Bucknor akakataa kuwatoa wachezaji. Mikimbio ya mwisho ilipigwa gizani, walinzi wakiwa hawauoni mpira vizuri, na Uingereza wakashinda kwa wiketi sita, yaani wakiwa bado na wiketi sita mkononi.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba aliionea Pakistan. Mimi nasema alikuwa ameisoma sheria. Wakati ule waamuzi walipoona mwanga haufai, upande unaopiga ulikuwa na hiari: ukitaka kuendelea, mchezo unaendelea. Anayerusha hakuwa na sauti katika jambo hilo. Siku hizi hiari hiyo imeondolewa na uamuzi uko kwa waamuzi wenyewe, lakini jioni ile Moin alikuwa akiomba kitu ambacho sheria haikumpa, baada ya kupoteza muda kwa makusudi. Kusimama imara kiasi kile, ugenini, umezungukwa na wenyeji wenye hasira, kunataka moyo.

Miaka sita na ushei baadaye, tarehe 28 Aprili 2007, giza jingine: Kensington Oval, Bridgetown, Barbados. Fainali ya Kombe la Dunia, Australia na Sri Lanka. Mvua ilikuwa imepunguza mechi hadi ova 38 kwa kila upande (ova ni mipira sita), Adam Gilchrist wa Australia amepiga 149, na mvua nyingine ikaikata safari ya Sri Lanka hadi ova 36, lengo mikimbio 269. Baada ya ova ya 33 Sri Lanka wako na mikimbio 206, wapigaji saba wametolewa, hawana tumaini tena. Waamuzi wakawapa hiari ya mwanga, wapigaji wakaikubali na kuondoka. Australia wakaanza kukumbatiana.

Kwa kanuni za mashindano, mechi ilikuwa imekwisha. Ova 20 za chini kabisa zilikuwa zimepita zamani. Lakini Bucknor na Aleem Dar uwanjani, Rudi Koertzen akiwa mwamuzi wa tatu, Billy Bowden wa nne, na Jeff Crowe refa wa mechi, wote walishikilia kwamba ova tatu zilizobaki lazima zirushwe, na ikishindikana zirushwe kesho yake. Watu watano, wote wazoefu, na kanuni imeandikwa! Manahodha wakaelewana: turudi tumalize, warushe wa mizunguko tu, wasio wa kasi, ili asiumie mtu. Wakamaliza gizani, Australia wakashinda kwa 53, na wakalazimika kushangilia ubingwa mara ya pili. Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, liliwasimamisha wote watano wasichezeshe Kombe la Dunia la T20, la mechi fupi za ova 20, la mwaka huohuo. Naiunga mkono adhabu hiyo bila kigugumizi. Jicho hudanganyika hata liwe jicho zuri namna gani, lakini kanuni inasomwa usiku, kwenye meza, bila mtu wa kukupigia kelele.

Ndiyo maana kilichofuata Sydney, Januari 2008, kinaniuma. Nisieleweke vibaya: Bucknor alikosea, na alikosea vibaya. Andrew Symonds wa Australia akiwa na mikimbio 30 aliugusa mpira wa Ishant Sharma wa India, mlinda wiketi akaudaka, mlio ukasikika hadi kwa watazamaji wa televisheni, Bucknor hakusikia. Symonds akamaliza na 162 bila kutolewa. Siku ya mwisho Bucknor akampa Rahul Dravid wa India nje kwa mpira uliodakwa nyuma ya vijiti, gongo likiwa limefichwa nyuma ya pedi. India wakashindwa kwa mikimbio 122, dakika chache kabla ya muda kwisha.

Bodi ya India ikaja juu, ziara nzima ikawa mashakani, hasa kwa kuwa testi hiyohiyo ilikuwa na mgogoro wa Harbhajan Singh wa India na Symonds. ICC ikamwondoa Bucknor kwenye testi iliyofuata, Perth, ikampeleka Bowden. Mwamuzi akatolewa katikati ya mfululizo kwa shinikizo la upande mmoja. Tangu siku ile kila bodi ilijua mlango upo wapi.

Na mfikirie alikuwa na nini mkononi. Mtazamaji nyumbani alikuwa na marudio ya polepole kutoka pembe nne na maikrofoni ya vijiti. Mzee wa miaka 61 alikuwa na masikio yake, katikati ya ukelele wa walinzi. Miezi sita tu baadaye, India na Sri Lanka walicheza mfululizo wa kwanza ambao mchezaji aliruhusiwa kupinga uamuzi na kuomba picha zitazamwe. Wiketi ya Dravid ingefutwa ndani ya dakika moja, na Symonds angerudi zake kukaa na 30.

Bucknor alistaafu Machi 2009, testi yake ya mwisho ikiwa Cape Town. Baadaye alikiri hadharani kwamba Sydney alikosea, na pia pale Brisbane 2003 alipomtoa Sachin Tendulkar kwa mpira uliokuwa unapita juu ya vijiti. Rekodi yake ya testi 128 ilidumu hadi Desemba 2019, ilipovunjwa na Aleem Dar, aliyesimama naye kwenye giza la Bridgetown. Testi hiyo ilichezwa Perth.