Kuzaana si kipimo pekee cha spishi

Wengi tulifundishwa kwamba wanyama wakizaana na watoto wao wakawa na uwezo wa kuzaa, basi ni spishi moja. Farasi na punda huzaa baghala, ambaye kwa kawaida ni tasa, kwa hiyo mjadala umefungwa. Haujafungwa hata kidogo. Kule Amboseli, Kenya, nyani wa manjano na nyani wa Anubis hupandana, na machotara wao huzaa vizuri tu, kizazi baada ya kizazi. Hata hivyo wataalamu wengi huwahesabu kuwa spishi mbili. Kipimo cha uzazi, alichokieneza mwanabiolojia Ernst Mayr mwaka 1942, hutazama jamii nzima za viumbe porini, si jozi iliyofungiwa zizini. Tena hakifai kwa bakteria, wanaojigawa bila kujamiiana, wala kwa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale. Hapo hutumika maumbo, nasaba au DNA, na ubishi haukosekani.